Sura ya Tano: Maneno Matatu ya Mama Edita

Sajini Marcellin Sebahire alishuka kwenye kamyo mbele ya dispanseri ya misheni, juu kidogo ya Nyabiondo, huku kaptula yake imepigwa pasi ya makaa hadi mikunjo ikasimama. Aliipiga pasi mwenyewe. Hii ilikuwa kesi ya kwanza kukabidhiwa peke yake, bila mzungu wa kumtangulia wala wa kumfuata nyuma, na hakutaka kilima chochote cha Masisi kimwone na kaptula iliyojikunja.

Bwana administrateri, mzungu mtawala wa eneo lile, alikuwa amemwambia maneno machache tu: "Niletee ile mikroskopi, ama niletee sababu ya kumfunga yule mlinzi. Nitapita hapo saa sita nikitoka kukagua barabara. Kamyo itashuka na mtu gerezani."

Mtu mwenyewe ni Hakorimana, mlinzi wa dispanseri. Tangu jana alikuwa amefungwa mikono kwa kamba na kukalishwa kwenye stoo ya sabuni na mablanketi. Mikroskopi ilitoweka jana hiyo hiyo, alfajiri, pamoja na sanduku lake la mbao. Muuguzi Mwingereza, ambaye watu walimwita Mama Edita, alisimama barazani mbele ya wagonjwa wote akasema kwamba mwizi ni Hakorimana, kwa kuwa alimwona kwa macho yake. Neno la mzungu, tena la mwanamke asiyejulikana kwa uwongo. Nani angelipinga?

Sebahire alianza na yeye. Alimkuta amekaa kwenye chumba chake kidogo chenye dirisha linalotazama ua, mwanamke mrefu, mikono imekuwa myekundu kwa maji na sabuni. Hakuwa amemaliza hata msimu mmoja wa maharagwe hapa, na Kiswahili chake kilikuwa "jambo", "dawa" na "kesho". Kwa hiyo aliketi pembeni yake Mwalimu Benoît wa shule ya misheni, aliyesoma Kiingereza ng'ambo ya mpaka, Kabale, na ambaye hakumaliza siku bila kuwakumbusha watu jambo hilo.

"Mwambie aanze upya," Sebahire alisema. "Kama vile mimi sijasikia kitu."

Mama Edita alisema maneno yake polepole, akinyoosha kidole kuelekea mlangoni, halafu ukutani, halafu nje. Benoît akatafsiri bila kupumua:

"Anasema: niliamuka, nikamuona Hakorimana kwa mulango wa laboratware na sanduku. Nikaona saa. Nikamuona anashuka na njia. Basi."

Sebahire hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini alikuwa amelelewa sokoni, nyuma ya kikapu cha mama yake, mahali watu wanapogombana kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili juu ya kipimo kimoja cha maharagwe, na huko alijifunza kutazama mdomo wa mtu kabla ya kusikiliza mkalimani.

"Mwalimu, umenipa 'kuona' mara tatu. Huyu mama hakusema neno moja mara tatu. Kila mara mudomo wake ulikwenda mahali pengine."

Benoît alicheka. "Ah, Sajini! Ile njo Kiingereza. Kitu kimoja banakipatia majina tatu, sawa mutoto wa mutajiri. Yote iko kuona tu. Kiswahili yetu iko masikini, siwezi kutoa maneno kwa mufuko yenye haina kitu."

"Nitajie hayo majina tatu."

"Ya kwanza 'see'. Ya pili 'look'. Ya tatu 'watch'."

"Tofauti yake?"

"Nakuambia hakuna tofauti."

"Muulize mwenyewe."

Benoît aliuliza, sauti yake imepungua kidogo. Mama Edita alifikiri, kisha akainuka, na badala ya kueleza akaanza kuonyesha, kama mtu anayefundisha watoto. Alikaa akitazama magoti yake. Ndege akakatiza dirishani. Yeye akashtuka, akagusa jicho lake: 'see'. Kisha akageuza kichwa chake chote kuelekea saa ya ukutani, kwa kusudi, akaitolea macho: 'look'. Kwa lile la tatu akaenda dirishani. Kuku mwekundu alikuwa akivuka ua. Mama Edita akamfuata kwa macho, hatua kwa hatua, akampita na mtungi, akampita na rundo la kuni, mpaka kuku akapotea nyuma ya jiko. Hapo ndipo aliposema: 'watch'.

Benoît aliyarudia maneno matatu chini kwa chini. "Bon," alisema hatimaye. "Ya kwanza, kitu kinakukutana tu, haukukitafuta. Ya pili, ni weye unapeleka macho. Ya tatu, unapeleka macho na unaiacha kule mupaka kitu kimalize mwendo wake."

"Kuona. Kutazama. Kuchunga," Sebahire alisema. "Wakati mama yangu alinituma na mbuzi, hakusema 'ona mbuzi'. Alisema 'chunga'. Kama ningerudi bila mbuzi nikamuambia 'lakini mama, niliziona', leo singekuwa na masikio. Kiswahili haiko masikini, Mwalimu. Iko weye njo ulikuwa na haraka."

Benoît, kwa sifa yake lazima isemwe, alivuta kiti karibu. "Sawa. Uliza tena. Sasa nitakupatia kila neno na mahali pake."

Wakaanza upya, na safari hii shauri lilijitenga vipande vitatu. Pale mlangoni pa maabara, Mama Edita aliona tu: alikuwa akipita dirishani, ukungu umejaa uani, na kilichomjia machoni ni kapoti ya Hakorimana, lile koti refu la kijani la kijeshi ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo kilimani.

"Na uso?" Sebahire aliuliza.

"Anasema kapoti ilikuwa ya Hakorimana."

"Sikuuliza kapoti."

Benoît aliuliza tena. Mama Edita alishusha macho, na rangi ikampanda shingoni. "Uso hapana," Benoît alitafsiri taratibu. "Kola ilikuwa juu. Uso hakuuona."

Kisha alitazama saa, ili ajue ni mapema kiasi gani mlinzi ameanza kazi. Na baada ya hapo, kwa kuwa alishangaa sanduku linakwenda wapi, akamchunga yule mtu kutoka pembe ya jiko mpaka kwenye mikaratusi, njia inapoanza kuteremka. Hakupiga kelele, alisema, kwa sababu alidhani Théogène, muuguzi msaidizi mwenye kuitumia mikroskopi, amemtuma akalisafishe.

Sebahire aliegemea mbele. "Basi, kama alimuchunga, alimuona mugongo yake wakati murefu. Aniambie vile alibeba sanduku."

Tangu jana hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Mama Edita alichukua kigoda, akakitupa mgongoni, akavuta taulo akalipitisha chini yake na kulileta mpaka kwenye paji la uso wake. Akainama, akashika taulo kwa mikono miwili karibu na masikio, akatembea chumbani hivyo, mzungu mzima, mpaka Benoît akalazimika kutazama pembeni asije akacheka.

Sebahire hakucheka. Alimshukuru, akavaa kofia yake.

Mlangoni wakakutana na Théogène, infirmiye, koti jeupe, kofia nyeupe imevutwa mpaka kwenye nyusi, sinia la chupa mkononi. Kilima kizima kilimjua. Jumapili baada ya ibada alikuwa akisimama nje ya kanisa na kuwaeleza watu namna wadudu wa ugonjwa wanavyoogelea ndani ya tone moja la damu.

"Sajini, harakisha basi," alisema. "Daktari anakuja kesho kutazama kazi yangu. Mi njo muntu mweusi peke yangu katika hii milima mwenye kuona ugonjwa kwa jicho. Nitamuonyesha nini sasa? Chupa?"

"Iko kesho," Sebahire alijibu. "Leo bado haijaisha."

Uani, Benoît alimshika mkono. "Nimeelewa! Kubeba na mugongo, kamba kwa kipaji, ile haiko ya huku. Ile iko ya bachukuzi ba madini ba Omate, kule pori ya Walikale. Miti iko chini-chini, ukibeba kwa kichwa unagonga. Na kikundi chao kililala hapa kwa hangari ya kanisa! Bale njo bezi, Sajini. Tubafuate kabla bafike mbali."

Lilikuwa wazo zuri, na Sebahire alilipa heshima yake: alikwenda mpaka kwenye hangari, akachutama penye majivu, akayagusa. Yalikuwa baridi, na umande wa asubuhi mbili ulikuwa umeyagandisha juu. Akaelekea stoo.

Mlangoni pa stoo alikuwa ameketi mwanamke na kikapu cha viazi vitamu na maharagwe yaliyochemshwa, mgongo umenyooka. Alikuwa Mukamurenzi, mke wa Hakorimana. Alimtazama Sajini kuanzia viatu hadi kofia.

"Kaptula iko muzuri," alisema. "Tuone kama kichwa nayo ilipigwa pasi."

"Mama, jambo. Bale bachukuzi ba Omate, uliwaona?"

"Niliwaona juzi magaribi, nikiwa nakata miti ya maharagwe. Balishuka na kwimba, mizigo yote kwa mugongo. Kama balirudi usiku kuiba kioo cha bazungu, basi balikimbia mubio ya ndege."

Kwa hiyo waliondoka jioni ya kuamkia siku ya wizi. Majivu baridi na mke wa mshtakiwa walisema jambo moja. Benoît akakuna kichwa.

Ndani, Hakorimana hakuinuka. Alikuwa mtu mnene wa shingo, ndevu zimeanza kuchanganya mvi, na alikalia gunia la sabuni kama mtu aliyelikalia kwa hiari yake.

"Kama umekuja kuniuliza niliificha wapi," alisema, "rudi kwenu. Siwezi kujua mahali pa kitu chenye sikubeba."

"Nimekuja kukufungua mikono."

Hakorimana alimtazama. Sebahire akakata kamba kwa kisu, akasukuma mbele yake kasha la sabuni lenye uzito wa kutosha. "Beba. Peleka pale, urudishe."

Yule mzee hata hakuuliza kwa nini. Aling'oa jani kavu la mgomba lililofungiwa kasha, akalizungusha kwenye vidole bila kulitazama, ngata ikatokea, akaiweka utosini, na kasha likapanda juu yake kwa pumzi moja. Alikwenda na kurudi mikono ikining'inia.

"Na kwa mugongo? Na kamba kwa kipaji?"

"Mugongo?" Hakorimana alikasirika kweli, kuliko alivyokasirika kwa kufungwa. "Mi? Ile kengele ya kanisa yenye inabaamusha asubui, weye unafikiri ilipanda hii kilima namna gani? Nani aliitoa kule Sake, chini kwa ziwa? Uliza! Ilipanda juu ya hii kichwa. Na sasa banasema nilibeba kisanduku kama vile mutoto wa mugongoni!"

Sebahire alimgusa utosini, akapata mahali nywele zilipokwisha kwa mizigo ya miaka. Akatazama paji lake kwenye mwanga wa mlango. Ngozi ilikuwa na makunyanzi tu ya umri.

"Kapoti unaiweka wapi asubui?"

"Kwa musumari wa jikoni, karibu na moto, ikauke. Naenda muto kuteka maji ya bagonjwa. Nikirudi naivaa. Kila siku vile. Hata kuku banajua."

"Na jana?"

Hakorimana alifikiri. "Ilikuwa kwa musumari wake. Lakini mabega ilikuwa na maji. Nilifikiri moto ulikufa, nikaiacha ikauke."

Kapoti ilikuwa bado jikoni. Sebahire aliishusha, akaitandaza juu ya benchi, mgongo juu, akainamia kwa muda mrefu kiasi kwamba mpishi alisimamisha kazi. Katikati ya mgongo sufu ilikuwa imelala, imesuguliwa, na pande zote mbili kulikuwa na mistari miwili ya kusimama, kama kona za kitu cha mbao. Kwenye mstari mmoja alikuta chembe ya vernisi nyekundu, ile rangi ya kung'arishia mbao. Akaiweka kwenye karatasi, akaikunja.

"Mwalimu, sikiliza," alisema. "Hakorimana anaweka kapoti, anaenda muto. Muntu anaivaa. Anabeba sanduku, anapita kwa mikaratusi. Hakorimana anarudi, kapoti iko kwa musumari, mabega iko na ukungu. Ile inamaanisha nini?"

"Kama ule muntu alirudi kabla Hakorimana afike na maji..." Benoît alisema, na macho yake yakapanuka. "Basi hakuenda mbali. Na hakuondoka. Iko muntu wa hapa."

"Na sanduku haiko Omate, haiko Goma. Iko hapa chini ya mapua yetu."

Nyuma ya mikaratusi njia iligawanyika: moja ikateremka mtoni, nyingine ikapita pembeni mwa shamba la Mukamurenzi, ambako maharagwe yalikuwa yamepanda miti yake hadi kimo cha mtu. Sebahire alimwomba yeye mwenyewe atangulie. Mukamurenzi alipita mstari kwa mstari, akigusa mashina kama mtu anayehesabu watoto wake wakati wa kula. Akasimama.

"Nani alishika hii?"

Sebahire hakuona kitu. Mti, jani, ua jeupe, kama mengine yote.

"Angalia kamba zake. Maharagwe iko na njia moja ya kuzunguka muti, haibadilishake hata ukiipiga fimbo. Hii muntu aliifungua, kisha akaizungusha upande mwingine. Iko inaanguka. Inakataa."

Wakang'oa mti ule na wa jirani yake. Udongo ulikuwa laini. Sebahire alipiga magoti, kaptula na mikunjo yake yote, akachimba kwa mikono, na vidole vyake vikagonga mbao nyekundu.

Kisha Benoît akanong'ona, "Eeh, Mama. Kumbe iko kwenu."

Mukamurenzi alijifuta udongo mikononi, kidole kimoja kimoja. "Mwalimu, weye ulisoma Kabale. Kule Kabale mwizi anaficha kitu kwa shamba yake, kisha anamushika polisi mukono, anamupeleka mupaka pale?"

"Mama anasema kweli," Sebahire alisema, lakini alijua pia kwamba bwana administrateri hangejali. Sanduku limepatikana kwenye shamba la mshtakiwa. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ilitosha kabisa, na jua lilikuwa limeshapanda. Aliyelizika hapa alijua hivyo.

Alilitoa lote. Lilikuwa limezungushiwa mkanda wa bandeji uliosukwa pande tatu, fundo chini kabisa, penye kiuno cha mbebaji, na katikati mkanda ukapanuka ukawa na kitambaa kilichokunjwa ili usikate ngozi ya paji. Sebahire aliwahi kusindikiza misafara mpaka Omate. Aliyajua mafundo hayo. Mtu hayafungi hivyo kwa kubahatisha. Anayafunga hivyo baada ya kubeba mawe ya madini mvua mbili tatu.

Halafu akafungua kifuniko. Mikroskopi ilikuwa imelala mahali pake. Kioo chake cha chini kilikuwa kimepasuka. Na kwenye kona, chini ya kitambaa, Sebahire alikuta kitonge cha pamba kilichofungwa vizuri kama yai. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kioo, vyote, hata vile vidogo kama chumvi.

Alikaa akikitazama kile kitonge. Mwizi haokoti vipande. Mwizi hafungi vipande kwa pamba. Aliyefanya hivi alikipenda kitu hiki.

Alirudisha pamba mahali pake, akafunga kifuniko, akapangusa udongo.

Théogène alikuwa kwenye meza ya dawa. Sebahire aliweka sanduku mbele yake polepole, na Théogène akasimama wima.

"Mumeipata! Mungu ni mwema. Ilikuwa wapi?"

"Shambani kwa Hakorimana."

"Nilisema! Nilisema mimi!"

"Weye njo unajua hii chombo," Sebahire alisema. "Mimi ni polisi tu. Fungua, uniambie kama iko muzima."

Théogène alifungua. Sebahire hakumtazama usoni. Alichunga mikono yake. Mtu yeyote angeinua kwanza mikroskopi yenyewe, aitazame juu, aitazame chini. Mikono ya Théogène haikuigusa. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kona, chini ya kitambaa, ikakuta pamba, ikaibonyeza taratibu, ikatulia. Halafu, kama iliyoungua, ikajiondoa.

"Iko salama ile pamba?" Sebahire aliuliza.

Chupa moja ikalia kwenye sinia.

"Pamba gani?"

"Ile yenye ulitafuta kabla ya kutazama chombo. Toa kofia, kaka."

"Mi niko infirmiye. Sitoe kofia ju ya—"

"Toa kofia."

Ilitoka polepole. Katikati ya paji la Théogène, kutoka upande hadi upande, ngozi ilikuwa na utepe laini unaong'aa, usio na hata mkunjo, kama barabara iliyopitiwa sana.

"Ulikuwa Omate," Sebahire alisema.

"Mwaka mbili na kidogo." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Kabla ya shule ya infirmiye. Nilibeba mawe kama punda. Hakuna hata mumoja hapa anajua. Banajua nilitoka Goma, na kalamu kwa mufuko."

"Baba yangu alibeba mizigo ya bazungu mupaka magoti yake ikakufa," Sebahire alisema. "Mi nasema ile kwa kila muntu. Ile utepe kwa kipaji yako haiko haya. Haya iko pengine. Sema."

Théogène alisema. Alikuwa akifanya mazoezi jioni, ili daktari atakapokuja asikosee hata kidogo. Mkono uliteleza. Kioo kikapasuka. Aliokota vipande kwa ulimi wa karatasi, akalia. Akafikiria Jumapili, akafikiria watu nje ya kanisa, na yeye amesimama pale, mtu mweusi wa kwanza kuona ugonjwa kwa jicho na wa kwanza kuuvunja. Alfajiri akachukua kapoti.

"Sikutaka afungwe," alisema. "Nilitaka tu iibiwe. Kisha Mama Edita akasema jina yake mbele ya bantu..."

"Na weye ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale."

"Na ulizika sanduku kwa shamba ya muke yake. Ile pia haukutaka?"

Théogène alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Honi ya kamyo ililia chini ya kilima. Bwana administrateri alifika amejaa vumbi, akamkuta Hakorimana amesimama uani bila kamba.

"Nani amemfungua huyu?"

"Mimi," Sebahire alisema.

"Kwa amri ya nani?"

"Kesi ulinipa mimi, Bwana."

Mzungu alimtazama, akatazama magoti yake yenye udongo, kisha sanduku mezani. Sebahire alimweleza yote kwa mpangilio, kapoti, mkanda, maharagwe, pamba, bila kuongeza wala kupunguza. Bwana administrateri alisikiliza mpaka mwisho, akamnyooshea Théogène kidole.

"Basi mwizi ni huyu. Apande kamyo."

"Atapanda, Bwana. Lakini hakuiba. Alivunja, akaficha, akanyamaza wakati mwenzake anafungwa, akamzikia mwenzake ushahidi shambani. Kuvunja si kosa la gereza. Yaliyofuata ni makosa, na kila moja lina jina lake. Ninaomba yaandikwe kwa majina yake."

Bwana administrateri alipangusa vumbi usoni. "Andika wewe," alisema mwishowe, akampa kalamu yake mwenyewe.

Mama Edita alikuwa amesikia, Benoît akimnong'oneza. Alikuja mpaka kwa Hakorimana, akanyoosha mkono, akisema jambo kwa sauti ya chini. Benoît akajitayarisha kutafsiri, lakini Hakorimana aliinua kiganja.

"Mwalimu, bakia. Jina yangu haikuchafuliwa hapa kwa kona. Ilichafuliwa kule barazani, mbele ya bantu. Na iko mudomo yake njo ilisema, haiko yako."

Benoît alimweleza. Mama Edita aliitikia kwa kichwa. Alipanda ngazi za baraza. Wagonjwa walikuwa wengi, waliokohoa na waliofunga vidonda na akina mama wenye watoto; wote wakageuka. Alishika nguzo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, naye hakuwa na kingine.

"Hakorimana... mwizi hapana," alisema. "Mimi nasema mubaya. Mimi... uso, mimi hapana ona. Hapana ona uso." Akamgeukia Hakorimana. "Hakorimana, samehe."

Mahali fulani mtoto akalia, akanyonyeshwa.

Hakorimana alivuka ua taratibu, akasimama chini ya ngazi, akawageukia watu.

"Mumesikia, nyinyi ba mbele?"

"Tumesikia!"

"Na kule nyuma, kwa mukeka?"

"Tumesikia, Papa Hakorimana!"

"Basi," alisema. "Imekwisha na mimi." Akampa Mama Edita mkono. Kisha akafungua ufunguo wa dispanseri kiunoni, akamwekea kwenye kiganja. "Kesho nitarudia kazi. Leo hapana."

Kutoka dispanseri kwenda kwao kulikuwa na njia ya mkato, nyuma ya kanisa, yenye kivuli, ambako hakuna wa kukukuta. Mukamurenzi alikuwa ameshainua kikapu chake na kuielekea. Hakorimana akamwita.

"Mama, hapana na kule. Leo iko soko Nyabiondo."

Wakashika barabara kubwa, yeye mbele, mkewe kando yake, katikati kabisa, na kamyo ya serikali ikapunguza mwendo nyuma yao, ikangoja.